Dawa inasema subiri siku 14, nyanya zinasema kesho

SEHEMU YA 1



Wiki iliyopita tulimaliza mambo ya surua na niliahidi tukirudi tutaongea kuhusu uji. Uji utakuja, lakini leo nataka nitoke kliniki kidogo niingie shambani. Najua wapo watakaoandika hapo chini "nesi rudi kwenye sindano zako". Jamani, nipo kwenye sindano zangu. Yanayofanyika shambani huku kwetu yanaishia kwenye meza yangu, ndiyo maana naandika.

Mnaoijua Ilula mnaijua. Ukipanda basi kutoka Morogoro kuja Iringa, ukishapita Kitonga, unaanza kuona nyanya kando ya barabara, kwenye ndoo na kwenye matenga, nyekundu mpaka macho yanachoka. Akina mama wengi ninaowapimia watoto uzito wanaishi kwa hizo nyanya. Kuna mwenye shamba, kuna anayechuma kwa kibarua, kuna anayepanga matenga, kuna anayekimbilia basi na ndoo kichwani. Na nyumba nyingi sana zina bomba la kupulizia limeegeshwa nyuma ya mlango, pale pale mtoto anapojifunzia kusimama.

Niseme hoja yangu mapema ili tusigombane bure. Sisemi mkulima aache dawa zote kesho asubuhi. Nasema hivi: kuna kipindi kimoja kwenye maisha ya nyanya ambapo dawa nyingi za kemikali haziwezi kutumika sawasawa, hata mkulima awe mwaminifu kiasi gani. Ni kipindi cha kuchuma. Kwa kipindi hicho zipo dawa nyingine zinazotokana na bakteria, kuvu na mimea. Zinatengenezwa, zinafahamika, baadhi malighafi yake inalimwa hapa hapa mkoani kwetu. Halafu ukienda dukani, huzikuti.

Hilo ndilo linaloniuma.


SEHEMU YA 2: CHUPA YA SODA

Alasiri moja kliniki imeisha, nafuta meza, akaingia mama anakimbia na mtoto begani. Mtoto wa miaka mitatu. Mate yanamchuruzika, ametapika, amejinyea, ana jasho kama amemwagiwa maji. Nikamfunua macho, mboni zimesinyaa zimekuwa kama ncha ya pini. Harufu kwenye fulana yake niliijua kabla mama hajafungua mdomo. Dawa ya nyanya.

Baba alikuwa amenunua dawa ya kupimiwa. Mnaijua hiyo. Chupa nzima ni ghali, basi muuzaji anakumiminia kidogo kwenye chupa tupu ya soda, unaondoka nayo mkononi. Haina lebo, haina jina, haina ile picha ya fuvu. Ikawekwa chini ya kitanda mpaka kesho yake. Sasa mtoto wa miaka mitatu anajua chupa ya soda ndani yake kuna nini.

Tulimvua nguo zote, tukamwosha, tukamsafisha njia ya hewa, tukaanza atropini huku mwenzangu anapiga simu ya gari la wagonjwa. Atropini haitolewi mara moja ukamaliza. Unatoa, unasubiri dakika chache, unasikiliza kifua, unaongeza. Tulikwenda hivyo mpaka hospitalini. Mtoto alipona, nawaambia sasa ili msisome roho ikiwa juu. Sasa hivi akiniona anajificha nyuma ya kanga ya mama yake, anakumbuka sindano.

Dawa ile ni ya kundi linaloitwa organofosfeti. Inafanya kazi kwa kuziba kimeng'enya kinachozima ujumbe wa neva. Ujumbe ukishatumwa hauzimiki. Mate yanaendelea, jasho linaendelea, tumbo linaendelea, mapafu yanajaa maji. Kiwavi anakufa hivyo. Tatizo ni kwamba neva za mwanao zinatumia kimeng'enya cha namna ile ile, na mwili wake ni mdogo, anapumua haraka kuliko mimi na wewe, na kila kitu anakipeleka mdomoni. Mojawapo ya dawa za kundi hili, klorpairifosi, Umoja wa Ulaya ulikataa kuongeza muda wa kibali chake mwaka 2020, na moja ya sababu kubwa ilikuwa wasiwasi juu ya ukuaji wa ubongo wa mtoto.

Kwa hiyo kabla hatujaendelea, hili mlishike. Mtoto akinywa au akimwagikiwa na dawa: mvue nguo, mwoshe ngozi kwa maji mengi na sabuni, mlete mbio. Usimtapishe. Usimpe maziwa. Najua bibi zetu wamesema maziwa yanakata sumu, na yule mama alikuwa amempa maziwa njia nzima, lakini hayakati. Yanampeleka kwenye kupaliwa tu, na mnapoteza muda. Njoo na chupa au lebo yenyewe. Nikijua jina la dawa nafanya kazi haraka zaidi.

Na wale ambao mnasema kwangu haiwezi kutokea kwa sababu mtoto wangu hagusi chupa: nguo za baba alizopulizia unazifua na nini? Kwenye beseni lipi? Leo hatuendi huko, ila nimewaachia swali.


SEHEMU YA 3: HESABU AMBAYO HAITOKI

Hapa nawaomba mkae vizuri.

Kila dawa iliyosajiliwa ina lebo, na kwenye lebo kuna siku za kusubiri kabla ya kuvuna. Zipo za siku 3, zipo za siku 7, zipo za siku 14. Maana yake ukipulizia leo, hesabu siku hizo dawa iyeyuke ishuke, ndipo uchume.

Sasa tuangalie nyanya. Zikianza kuiva haziivi zote kwa pamoja kama mahindi. Unachuma leo, baada ya siku nne au tano unachuma tena, unakwenda hivyo wiki na wiki. Ukiacha, zinaiva kupita kiasi zinaoza.

Halafu tumwangalie kantangaze. Kwa wasiomjua, ni nondo mdogo sana, jina lake la kitaalamu ni Tuta absoluta, asili yake Amerika Kusini, kwetu alionekana mwaka 2014. Kiwavi wake anachimba ndani ya jani, anachimba na tunda. Shamba likishambuliwa linaonekana kama limepitiwa na moto. Na yeye haondoki shambani eti kwa sababu umeanza kuchuma. Ndio kwanza anaingia kwenye tunda.

Basi fanya hesabu mwenyewe. Dawa inasema subiri siku 14. Nyanya zinasema kesho. Kantangaze anasema leo. Mkulima amsikilize nani?

Niliwahi kumuuliza baba mmoja aliyeleta mke wake kujifungua. Nilikuwa mkali kidogo, nakiri. Nikamwambia mnatulisha sumu. Akaniangalia tu, akasema, "Nesi, nikisubiri siku 14 nitachuma nini, matundu?" Sikuwa na jibu. Nimeitafuta jibu lake tangu siku hiyo, na posti hizi ndizo nilichopata.

Maana tumezoea kumlaumu mkulima. Hana elimu, hasomi lebo, ana tamaa. Wapo wa hivyo, kama walivyopo manesi wenye lugha chafu. Lakini hata nikimpa mkulima shahada ya kilimo, akishaanza kuchuma kila baada ya siku tano, dawa ya siku 14 haitii lebo yake kamwe. Elimu haibadilishi kalenda. Anachohitaji ni kitu kingine mkononi ambacho akipulizia jioni, kesho yake au keshokutwa achume bila kumdhuru mtu.

(Kwa wanaouliza: hapana, msiache kula nyanya wala mboga. Madhara ya mtoto kukosa mboga nayaona kila wiki kwenye kadi. Osha kwa maji yanayotiririka, sugua kwa mkono, hasa zile zenye vumbi jeupe la dawa ya ukungu. Usitumie sabuni ya kufulia. Kumenya ganda kunasaidia. Ila niwe mkweli, dawa iliyokwishaingia kwenye nyama ya tunda haitoki kwa maji. Ndiyo maana dawa ya kweli iko shambani, jikoni tunapunguza tu.)


SEHEMU YA 4: HIZO DAWA NYINGINE NI NINI

Naanza na bakteria, maana ndiye ninayemwelewa zaidi kwa kazi yangu. Anaitwa Bacillus thuringiensis, dukani wanafupisha Bt. Msifikiri ni kitu kilichogunduliwa juzi kwenye maabara tukajaribiwe sisi. Mjapani Ishiwata alimkuta mwaka 1901 akiua viwavi wa hariri. Mwaka 1911 Berliner akamwelezea kule Ujerumani kutoka kwa nondo wa unga, na jina limetoka kwenye jimbo la Thuringia. Ufaransa walikuwa wanamuuza kama dawa ya shambani tangu 1938. Ana umri mkubwa kuliko penisilini ya dukani.

Anavyofanya kazi ni kitu kizuri. Ndani yake kuna protini kama fuwele. Kiwavi akila jani lililopuliziwa, fuwele inafika tumboni mwake, na tumbo la kiwavi si la asidi kama letu, liko upande wa pili, kama maji ya majivu. Huko fuwele inayeyuka, inashika kwenye ukuta wa utumbo, inautoboa. Kiwavi anaacha kula ndani ya saa chache, anakufa baada ya siku mbili tatu. Tumbo la binadamu lina asidi na halina mahali pa protini ile kushika. Inameng'enywa kama protini nyingine. Ndiyo maana siku zake za kusubiri ni chache mno, nyingi lebo inaruhusu uchume siku hiyo au kesho yake.

Mmeona? Hili ndilo jibu la yule baba.

Binamu wa bakteria huyu, anayeitwa Bti, anaua viluwiluwi vya mbu. Kibaha pale Pwani kuna kiwanda kilichojengwa kwa ushirikiano na Cuba, kikafunguliwa mwaka 2015, kinachachua bakteria wa namna hii kwa ajili ya mazalia ya mbu. Yaani kulea bakteria kwenye matangi na kuwafungasha si muujiza wa Wazungu. Tunafanya hapa.

Halafu kuna kuvu, kama Metarhizium. Chembe zake zinanata kwenye mwili wa mdudu, zinaota, zinapenya ngozi, zinamla kwa ndani. Mwaka 2009 nzige wekundu walizaliana uwanda wa Iku huko Katavi, ndani ya hifadhi ya taifa, mahali penye tembo na viboko. FAO na wenzao wakanyunyiza kuvu hii kwa ndege badala ya kemikali, na nzige wakadhibitiwa. Tanzania hii hii. Sijui kwa nini habari ile haikuimbwa.

Ya tatu ni pareto, na hapa nina la kusema zaidi, nitalirudia mwisho. Ua jeupe la Mufindi na Mbeya. Sumu yake inaangusha wadudu kwa haraka, na jua linaivunja ndani ya muda mfupi. Wataalamu wa viwanda waliona kuvunjika huko ni kasoro, wakaiga muundo wake wakatengeneza dawa za viwandani zinazokaa muda mrefu zaidi. Kwa mtu anayechuma kesho, ile kasoro ndiyo sifa.

Sasa mapungufu, maana sitaki mniite mchuuzi. Bt haiui ukiangalia. Mkulima aliyezoea kupulizia saa mbili akakuta viwavi chini saa nne, ataona umemwuzia maji. Inaua kiwavi mdogo vizuri, mkubwa inamshinda. Lazima aile, kwa hiyo kantangaze akishazama ndani ya jani umechelewa. Jua linaiharibu, upulizie jioni. Haigusi vidukari wala inzi weupe. Kuvu inachukua siku nyingi zaidi, wiki hata zaidi. Ni kama chanjo na sindano ya dharura, kila kimoja na wakati wake. Hakuna anayempa chanjo mtoto aliyekwisha kuugua surua akategemea ipone leo.


SEHEMU YA 5: NILIVYOTUPA PESA YANGU

Mimi nina nusu ekari ya nyanya, siyo siri, mshahara mnaujua. Msimu mmoja nikasema ngoja nionyeshe mfano. Huku hakuna Bt, nikaagiza mjini. Ikaja pakiti, bei karibu mara mbili ya dawa niliyozoea kwa bomba lile lile. Nikapulizia jioni kama nilivyosoma. Nikapulizia tena. Kantangaze wakaendelea kula kama wamealikwa harusini. Mume wangu alikuwa anapita pembezoni mwa shamba hasemi kitu, na mnajua kimya cha mume kinavyouma.

Baadaye nikaigeuza pakiti. Muda wake ulikuwa umeisha miezi minne nyuma. Nikafuatilia kwa aliyeninunulia, akasema ilikuwa imepangwa mbele kabisa, dirishani, jua la mchana linapiga pale.

Hapo nilicheka, halafu nikaona aibu. Mimi! Mimi ambaye kila asubuhi nafungua jokofu la chanjo naandika nyuzijoto kwenye karatasi. Nisiyempa mtoto chanjo kabla sijaangalia kile kialama kidogo kwenye kichupa kinachobadilika rangi ikipata joto. Kichupa kikibadilika natupa, hata kama mama ametembea saa tatu. Na nikanunua kitu chenye uhai bila kusoma tarehe.

Msimu uliofuata nilipata pakiti nzima, mpya. Nikaweka na mitego ya harufu inayovuta madume ya nondo, ili nijue wameingia lini. Nilipoona wameanza kunasa nikapulizia mapema, jioni. Kabla ya maua nilitumia pia dawa ya kemikali mara mbili, kwa lebo, sitawadanganya. Kuanzia kuchuma nikabaki na Bt peke yake. Sikupata muujiza. Kuna matunda yalitobolewa, nikayatoa nikayafukia. Lakini nilichuma wiki saba, na zile nyanya nilimkatia mwanangu akala bila mimi kuhesabu siku kichwani. Mume wangu naye akasema neno moja, "Sawa." Kwa Mhehe hiyo ni hotuba.

Ndiyo maana sikubali ninapoambiwa dawa hizi "haziwezi mazingira yetu". Bt inavumilia kiasi, kuvu hai ndiyo inakufa haraka kwa joto, wote wanataka kivuli na tarehe. Sawa. Lakini sisi tunafikisha chanjo kwenye zahanati ambazo pikipiki inasukumwa, ikiwa kati ya nyuzi 2 na 8, mpaka kwenye paja la mtoto. Tunashindwaje kufikisha pakiti inayotaka rafu ya kivulini tu? Uwezo upo. Hakuna aliyeambiwa ni kazi yake.


SEHEMU YA 6: "SI NI ASILI TU"

Inbox yangu imejaa. Wengi mmefurahi mkasema basi tutachemsha wenyewe. Taratibu mama zangu.

Mwarobaini, sawa. Mbegu zake zina kitu kinachomzuia mdudu kula na kujivua ngozi. Watu wengi wanatumia, tumia, lakini kwa ndoo yake na kinu chake, si vile vya chakula.

Utupa? Ule mmea wanaoutwanga kuulia samaki mtoni? Samaki wanaelea tumbo juu halafu mnaniambia ni asili hauna neno. Na tumbaku ndiyo naikataza kabisa. Nikotini ni sumu kali, inapita kwenye ngozi, na nimekuta mama anaichemsha jikoni, kwenye sufuria, mtoto mgongoni, mimba tumboni. Kwamba kitu kimeota ardhini haimaanishi kinakupenda.

Hata pareto, mwenye pumu au mzio wa ngozi akae mbali nayo, na inaua nyuki na samaki ikiwafikia. Hata Bt usiinywe, usiipulizie bila kufunika mdomo na macho, usiiweke kwenye chupa ya soda. Mjamzito asipulizie chochote, abaki nyumbani siku hiyo. Anayenyonyesha aendelee kunyonyesha, asinidanganye mtu kwamba nimesema aache.

Ninachotetea ni dawa zilizopimwa, zikasajiliwa na TPHPA, zenye lebo ya Kiswahili inayosema kipimo, mdudu na tarehe.


SEHEMU YA 7: UJI, KAMA NILIVYOAHIDI

Fupi. Mnajua sumukuvu, ile sumu ya ukungu kwenye mahindi na karanga. Mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara. Haionekani, haina ladha, kuchemsha uji hakuiondoi. Na uji wa lishe tunaowafundisha kliniki ni nini? Mahindi na karanga.

Kuchambua punje mbovu na kukausha vizuri kunapunguza sana, endeleeni. Lakini ukungu unaanzia shambani, na huko dawa yake ni ya kibaiolojia. Inaitwa Aflasafe. Ni punje za mtama zilizopakwa ukungu wa jamii ile ile, ila wale wasiotengeneza sumu. Unamwaga shambani wiki mbili tatu kabla ya mahindi kuchanua, kilo 4 kwa ekari. Ukungu mwema unawahi nafasi, mbaya unakosa pa kukaa. Tanzania tunayo ya kwetu, imetengenezwa kwa ukungu wa udongo wa hapa.

Nimewauliza akina mama 20 kliniki juzi kama wameisikia. Mmoja alisema ndiyo, na yeye aliisikia redioni.


SEHEMU YA 8: NINACHOKITAKA

Kenya, mashamba makubwa yanayouza maua na maharage mabichi Ulaya yanatumia kuvu na wadudu rafiki kwa sababu Ulaya mzigo unapimwa mabaki ya dawa, ukizidi unakataliwa. Vizuri kwao. Lakini fikirieni maana yake: njia ya kulima bila kumwacha mtoto na sumu kwenye sahani inajulikana Afrika Mashariki, inafanyika kila siku, na mtoto anayelindwa yuko Amsterdam. Nyanya ya soko la Ilula nani anaipima?

Na pareto yetu. Kutoka Ilula hadi Mafinga ni safari ya asubuhi. Huko maua yanasindikwa, sehemu kubwa ya zao lake inauzwa nje. Akina mama wa Mufindi wanachuma ua moja moja kwa vidole, linakwenda kulinda nyumba na bustani za watu ng'ambo, halafu sisi kwenye rafu zetu tunauziwa kemikali zilizopanda meli kuja. Sisemi wasiuze nje, pesa wanaihitaji. Nasema chupa chache zibaki.

Kwa hiyo, kwa anayenisoma mwenye kiti cha kukalia:

Duka la pembejeo lenye leseni kwenye maeneo ya nyanya na mboga liwe na angalau dawa moja ya kibaiolojia msimu wa kuchuma, na mkaguzi aangalie tarehe na kivuli kama mimi ninavyokaguliwa jokofu.

Zifungwe pakiti ndogo, ya bomba moja, yenye lebo yake. Hili ndilo ninalolitaka kuliko yote. Mkulima wa robo ekari hanunui kilo, ananunua kinachotosha leo. Akikosa kidogo chenye lebo atanunua kidogo kwenye chupa ya soda.

Halmashauri ziingize mkono wake. Mwaka 2017 Rais Magufuli alipokwenda Kibaha aliagiza halmashauri zinunue viuadudu vile vya mbu. Kwamba halmashauri inaweza kununua bakteria tayari tunajua. Msimu mmoja wanunue kwa ajili ya viwavi wa nyanya, wape vikundi kwa bei ya kuvumilika, afisa ugani asimame nao ile wiki ya kwanza ambayo mkulima anaona "haiui". Akivuka wiki ile, atarudi mwenyewe.

Kuna dada ameniandikia kwa uchungu kwamba haya ni maneno ya watu wenye mshahara, yeye akipoteza tenga kumi mtoto harudi shule. Dada, umesema kweli, na ndiyo maana sijamwambia mtu aache dawa akae na matumaini. Mwenye kubeba hasara ya kujaribu asiwe wewe peke yako.

Sasa naomba kazi moja kwenu. Mwenye kujua duka lolote, kuanzia Ruaha Mbuyuni mpaka Mafinga, linalouza Bt iliyosajiliwa, aandike hapo chini mji na tarehe ya mwisho iliyo kwenye pakiti. Pigeni picha ya lebo, sio ya muuzaji. Nakusanya orodha, nitaibandika kliniki ukutani, karibu na mizani, pale mnaposubiri foleni. Mpaka sasa orodha ina duka moja, na ni lile lenye dirisha la jua.